Kontabli na masaa ya kazi: ni nani anamuzuia kwa biro usiku?



Katika gazeti lililopita tulijifunza namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Wandugu wengi walikuja kutuuliza: kisha barua, kisha kupokelewa, ni nini inafuata? Leo tunajibu sehemu moja tu ya ulizo hilo, na tunajibu zaidi kwa ajili ya wandugu wa Komersiale, wale watakaotoka hapa na dipuloma na kutafuta kazi ya kushika vitabu vya hesabu, kese, mishahara ao madeni ya wateja. Wa Pedagozi na wa Sayansi wasiruke ukurasa huu. Kesho na wao watakuwa na bosi.

Jambo lenyewe ni hili: watu wengi wanawaza kwamba mutu wa biro anaingia asubui, anatoka saa kumi, anafunga mulango, anaenda kwake. Kwa kazi nyingine ni vile. Kwa kazi ya hesabu na ya feza si vile kila siku, na mutu anayeingia bila kujua atashangaa mwezi wa kwanza, atachoka mwezi wa tatu, na mwezi wa sita atasema kazi ni mbaya. Tunaona ni vizuri kujua mbele.

Sababu za kweli

Inafaa tuanze na haki ya bosi, maana iko. Kazi ya hesabu haigawanyike sawasawa katika mwezi. Iko kama mvua ya kwetu: kuna majuma ya kukauka, na kuna majuma ambayo maji yanashuka yote pamoja.

Mwisho wa mwezi inafaa mishahara itengenezwe, tena mbele ya siku ya kulipa, si nyuma yake. Inafaa kulinganisha kitabu cha banki na karatasi inayotoka banki, mustari kwa mustari, mpaka hesabu mbili zikutane. Kwa mwezi unaofuata, mbele ya tarehe 15 kupita, sosiete inayotoza kodi ya TVA inapashwa kupeleka tangazo lake kwa wakubwa wa kodi. Kodi hiyo ilianza katika inchi yetu tarehe 1 Januari 2012, na tangu siku hiyo tarehe 15 ni tarehe ambayo kila kontabli anaiogopa. Ukichelewa, malipizi yanakuja, na bosi hatauliza nani alikuwa na homa.

Kisha kuna mwisho wa mwaka. Inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria ya hesabu ya OHADA iliyotengenezwa upya mwaka 2017 inafuatwa tangu 1 Januari 2018. Kufuatana nayo mwaka wa hesabu unaanza 1 Januari na kufungwa 31 Desemba, na bilani inapashwa kumalizika katika miezi minne, maana yake mpaka 30 Aprili. Lakini vitu vya depo vinahesabiwa wakati ule ule wa kufunga mwaka. Wakati watu wanapika kuku na kutafuta nguo za Bonane, kuna mutu mwingine anasimama kati ya mifuko ya unga na bidoni za mafuta, karatasi mukononi, anahesabu. Mutu yule ni kontabli, na musaidizi wake ndiye wewe.

Hata kila siku, mutu wa kese hana saa ya kutoka inayojulikana kabisa. Banki ikifunga mulango wa wateja, kazi ya ndani haijaisha. Inafaa kuhesabu noti, kulinganisha na kitabu, na kama feza na kitabu havisemi neno moja, hakuna mutu anaenda nyumbani. Siku ingine ni dakika kumi, siku ingine ni masaa mawili.

Wenye kutunga sheria za kazi walijua mambo haya tangu zamani. Mwaka 1930, katika mukutano wa Shirika la Kazi la Ulimwengu kule Geneva, inchi zilipatana juu ya masaa ya watu wa biashara na wa biro: masaa 8 kwa siku, 48 kwa juma. Tena mapatano yale yalitoa ruhusa ya kupitisha masaa katika nafasi fulani, na kati yazo yanatajwa wazi kuhesabu vitu vya depo, kutengeneza bilani, na kufunga hesabu. Basi karibu miaka mia moja sasa ulimwengu unajua kwamba kontabli atachelewa kutoka. Lakini mapatano yale yale yalisema masaa yale ya kupita yalipwe zaidi, si chini ya bei ya saa moja na robo. Mara nyingi watu wanashika nusu ya kwanza ya neno na kusahau nusu ya pili.

Sababu ambazo si za kweli

Sasa tuseme ile sehemu ambayo haiko katika kitabu cha mwalimu.

Yaya mmoja aliyemaliza hapa mbele yetu anafanya kazi ya hesabu katika sosiete moja ya muji. Hatutaji jina lake wala la sosiete. Tulimuuliza: «Yaya, masaa yenu ya kazi ni gani?» Alicheka. Akasema: «Mi naingia saa mbili ya asubui. Natoka wakati bosi anatoka. Na bosi, yeye anatoka wakati anapenda.»

Tulimuomba atueleze vizuri, na katika maelezo yake tuliona kwamba masaa yake ya usiku ni ya namna mbili. Kuna yale ya tarehe 13 na 14, na yale ya mwisho wa mwaka. Hayo hayalalamikii, anasema ni kazi yenyewe. Namna ya pili inatoka kwa fujo ya muchana. Faktire zinalala majuma matatu katika gari ya bosi, kisha zinakuja zote pamoja siku ya tano saa kumi: «Ingiza hizi mbele ya kutoka.» Mutu wa depo hapeleke karatasi zake. Umeme unakatika saa nne ya asubui na unarudi saa mbili ya usiku, na katika sosiete ile ni desturi kwamba ordinatere ikiwaka kazi inaanza, hata kama ni usiku, bila kuhesabu kwamba watu walikuwa pale tangu asubui wakingoja. Na kuna wale wanaobaki tu juu bosi yuko bado katika biro yake, na hakuna anayependa kuonekana wa kwanza kushika mufuko. Wanaangalia telefone, wanangoja. Hiyo si kazi ya hesabu. Hiyo ni kungoja, na mutu anaweza kungoja vizuri zaidi kwake.

Tunawaza mwanafunzi wa Komersiale anapashwa kujifunza kutofautisha namna hizo mbili, maana dawa zao si moja. Ya kwanza inapangwa mbele: kuandika kila siku maandiko ya siku hiyo, kuwakumbusha watu wa depo na wa kuuzisha tangu tarehe 25, kulinganisha banki kila juma pahali pa kungoja mwezi. Yaya yetu alisema tangu alipoanza kufanya vile, tarehe 14 yake inaisha saa moja ya usiku, zamani ilikuwa saa tano. Namna ya pili haipangwi na kontabli peke yake. Inafaa kuongea na mukubwa, kwa heshima, na karatasi mukononi: «Papa, faktire za mwezi uliopita zilinifikia tarehe 12. Zikinifikia tarehe 5, TVA itatoka bila malipizi.» Bosi asiyesikia neno la usingizi wako anaweza kusikia neno la malipizi.

Sheria yetu inasema nini

Kanuni ya Kazi ya inchi yetu, sheria ya 16 Oktoba 2002, inaweka mipaka ya masaa kwa siku na kwa juma: kwa juma ni masaa 45. Haiangalie kama mutu ni mwanaume ao mwanamuke, wala namna anavyolipwa. Njia ya kwenda kazini na kurudi haihesabiwe. Saa inayopita mipaka hiyo inaitwa saa ya nyongeza, na inapashwa kuongezewa bei. Siku ya kupumuzika kwa kila juma iko pia katika sheria, na kwa kawaida ni siku ya Mungu.

Kiasi cha kuongeza kilipangwa katika agizo la waziri la mwaka 1968: masaa sita ya kwanza yanayopita 45 yanaongezewa 30 kwa mia, yanayofuata, 60 kwa mia, na saa iliyofanywa siku ya kupumuzika, 100 kwa mia, maana yake inalipwa mara mbili.

Wandugu, sisi ni watu wa hesabu, basi tuhesabu. Tuseme mutumishi mmoja analipwa 2.000 franga kwa saa. Juma moja la kufunga hesabu anafanya masaa 55, bila kugusa siku ya Mungu.

Masaa 45 ya kawaida: 45 × 2.000 = 90.000.
Masaa 6 ya kwanza: 6 × 2.600 = 15.600.
Masaa 4 yanayobaki: 4 × 3.200 = 12.800.
Jumla: 118.400 franga.

Kama bosi anamulipa mushahara wake wa kawaida tu, juma lile amepoteza 28.400. Majuma manne ya namna hiyo ni 113.600, inapita mushahara wa juma nzima. Tunawaomba muangalie vizuri hesabu hii. Ni mutumishi wa hesabu mwenyewe anayetengeneza karatasi za mushahara za wengine, na mara nyingi masaa ya nyongeza ya dereva na ya mulinzi anayaandika, yake mwenyewe hayaandiki.

Kwa nini hayaandiki? Tulipata majibu mbalimbali. La kwanza: haya. Anaona kama kudai masaa ni kukosa heshima kwa mutu aliyemupa kazi. La pili: hakuna kitabu cha masaa pale, basi hakuna cha kuonyesha. La tatu, na hili linahitaji akili: anaitwa «kadre». Mapatano ya 1930 tuliyotaja yaliruhusu inchi kuwaacha kando wakubwa wanaoongoza na watu wanaoshika kazi za siri, na mawazo hayo yameingia katika desturi ya sosiete nyingi. Direkta wa feza anayepanga masaa yake mwenyewe na kupata gari na nyumba, tunaelewa. Lakini kuna kijana wa miaka ishirini na mbili, anayeingiza faktire kutoka asubui mpaka usiku, anaitwa kadre kwa mudomo tu: mushahara ni wa karani, masaa ni ya direkta. Jina zuri halinunue unga. Wakikupa jina hilo, uliza na mambo yanayofuatana nalo.

Ile jioni ya kese

Yaya yetu alitueleza pia jambo moja ambalo lilitukamata moyo, na kwa ajili yake tumeandika somo hili.

Wakati ule alikuwa anashika kese. Ilikuwa mwisho wa mwezi, yuko kazini tangu asubui, umeme umekwenda, anahesabu noti kwa mwangaza wa telefone. Alikuwa peke yake. Kitabu kilisema feza fulani, sanduku lilikuwa na 240.000 franga chini yake. Alihesabu mara tatu. Akapiga telefone kwa bosi. Bosi akasema: «Zitatoka kwa mushahara wako.» Na zilitoka kweli, kwa miezi miwili.

Juma moja nyuma yake, mwenzake alipolinganisha karatasi, aliona kwamba risiti moja ya feza zilizoingia iliandikwa mara mbili katika kitabu. Feza hazikupotea. Hazikuwa pale hata siku moja! Kitabu kilisema uongo, sanduku lilisema kweli. Walimurudishia nusu. Nusu ingine, wakati tulipoongea naye, alikuwa anaingoja bado.

Sasa angalieni. Kosa la kuandika risiti mara mbili ni kosa dogo, la usingizi. Saa tatu ya asubui angeliona kwa dakika tano. Saa tatu ya usiku, mutu aliyeamuka saa kumi na moja ya asubui anaangalia mustari ule ule na hauoni. Kazi ya fundi wa matofali ikichoka, tofali linapinda na kila mutu analiona. Kazi ya hesabu ikichoka, hakuna mutu anaona kitu, mpaka siku ya kulipa deni. Ndiyo maana masaa ya usiku katika kazi ya feza si swali la uvivu ao la bidii tu. Mutu anaweza kupata jina la mwizi hapo.

Kwa hiyo, wandugu, hata kama mumekubali kubaki usiku, tunaona mambo mawili hayafai kukubaliwa bila kusema neno: kuhesabu kese peke yako, na kuweka sahihi juu ya hesabu ambayo haujaimaliza. Kuhesabu mbele ya mutu wa pili, na wawili wakaweka sahihi, ni kanuni ya kawaida ya kulinda feza. Tunaifundishwa katika kalasi, inapatikana katika kila kitabu cha ukaguzi. Kuidai si kumutukana bosi.

Mutu asiyekwenda konje

Wengine wanasema: lakini bosi anapenda mutumishi asiyetoka, anamuona mwaminifu. Tunajibu kwamba wakaguzi wa hesabu hawawaze vile kabisa. Kwao, mutu wa feza ambaye hatoki hata siku moja, asiyekwenda konje, asiyeacha mwenzake kufungua kabati lake, anawatia mashaka.

Kuna jambo moja lililojulikana katika ulimwengu nzima. Mwezi wa Januari 2008, banki kubwa ya Ufaransa, Société Générale, ilitangaza kwamba imepoteza karibu milioni elfu tano za euro (milioni 4.900) kwa sababu ya kazi za mutumishi mumoja, Jérôme Kerviel, aliyekuwa na miaka 31. Alikuwa anaficha biashara yake kwa maandiko ya uongo. Uchunguzi ulipofanyika, kati ya alama ambazo wakubwa wake walipashwa kuziona mbele, ilitajwa hii: katika mwaka 2007 alichukua siku chache sana za kupumuzika. Mwenye kuficha anapashwa kuwa pale kila siku, maana siku moja tu ya mwenzake kukaa kwa kiti chake inatosha kufunua. Banki nyingi zimejifunza, zinamulazimisha mutu wa feza kwenda konje siku zinazofuatana, na mwingine ashike kazi yake.

Basi mapumziko yanalinda mutumishi, na yanalinda mwenye mali pia. Hii unaweza kuisema mbele ya bosi bila woga, ni neno la faida yake.

Na wale wa inchi tajiri?

Wandugu wengine wanawaza kwamba shida hii ni ya kwetu tu, kwamba kule kwa banki kubwa watu wanafanya kazi kwa saa na kurudi kuangalia televizyo. Si kweli. Mwaka 2021 vijana 13 wa mwaka wa kwanza katika banki ya Goldman Sachs, ya Marekani, waliandikia wakubwa wao na kusema kwamba wanafanya masaa 95 kwa juma, na wanalala masaa karibu matano. Masaa 95 inapita mara mbili ya 45 yetu. Wanalipwa feza nyingi, hatukatae, lakini mwili wa kijana wa New York na wa kijana wa Likasi unalala namna moja. Mwaka 2024 banki ingine ya kule, JPMorgan, iliweka mupaka kwa vijana wake: masaa 80 kwa juma, isipokuwa kwa kazi fulani za haraka. Tulisoma na kucheka kidogo: hiyo ndiyo dawa waliyoipata!

Ufaransa na Ubelgiji zilifuata njia ingine, juu ya telefone. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2016, iliyoanza kufuatwa 1 Januari 2017, inaomba sosiete zenye watumishi 50 ao zaidi kuongea na wajumbe wao namna mutumishi anaweza kuzima telefone ya kazi nyuma ya masaa. Ubelgiji imeweka jambo la namna hiyo mwaka 2023 kwa sosiete zenye watumishi 20 ao zaidi.

Kwetu Kanuni ya Kazi iliandikwa 2002, na WhatsApp ilianza 2009. Haishangaze basi kwamba mambo ya telefone yanabaki kwa mapatano ya watu wenyewe. Bosi anaandika saa nne ya usiku: «Tuma hali ya kese.» Ni kazi ao si kazi? Walimu wetu wawili tuliowauliza hawakupatana. Mumoja anasema kujibu neno moja ni adabu tu, hata kwa jirani ungelijibu. Mwingine anasema kama jibu linakuomba kufungua vitabu, ni kazi, na saa ihesabiwe. Sisi tunasimama na wa pili, lakini tunaongeza: mutu akiandika saa nne ya usiku na kuona unajibu mara moja, kesho ataandika saa tano. Desturi inaanza na jibu la kwanza.

Mbele ya kuweka sahihi

Tunajua neno ambalo wandugu watasema, maana lilisemwa katika kalasi yetu kwa sauti kubwa: «Kazi hazipatikane. Ukianza kuuliza masaa, kuna wengine kumi wanangoja inje kwa mulango.» Ni kweli. Hatuwadanganye. Kijana anayetafuta kazi ya kwanza hana nguvu sawa na mwenye sosiete, na mutu anayelisha wadogo zake hawezi kusimama kama wakili. Ndiyo maana hatusemi mukatae. Tunasema muulize, na muandike.

Kuulizwa kwa upole hakufukuze mutu: «Papa Direkta, mwisho wa mwezi tunatoka kwa kawaida saa ngapi? Masaa yale yanaandikwa wapi? Usiku sosiete inatusaidia na transport?» Ulizo la tatu linahusu zaidi wadada. Kutoka kwa biro saa tatu ya usiku katika muji ambao taksi zimepungua na barabara haina taa, si jambo la kusema «atajipanga». Dada mumoja wa kalasi yetu alisema wazi kwamba atakubali mushahara mudogo kidogo wa pahali panapofunga saa kumi na moja, kuliko mushahara mukubwa na hofu ya kila usiku. Wavulana walicheka, kisha wakanyamaza.

Kuandika, ni hivi: kila mutumishi awe na daftari dogo lake. Siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi iliyofanywa nyuma ya masaa, jina la aliyeagiza. Mustari mumoja kwa siku. Sheria inataka bosi akupe, kila mara anapokulipa, karatasi inayoonyesha namna mushahara ulivyohesabiwa. Uiweke pamoja na daftari. Kama siku moja inafaa kuongea, na bosi ao na inspekta wa kazi, utaongea na karatasi. Yaya yetu hakuwa na daftari wakati wa mambo ya kese. Sasa analo, alituonyesha: ni dogo, linaingia katika mukoba wa mukono, na kurasa zake zinaanza kujaa.

Kwa wandugu watakaoanza staji mwezi unaokuja: masaa yenu yameandikwa katika barua ya staji. Kama biro inawaomba kubaki usiku, musikatae kwa ukali na musikubali kimya. Mujulishe Mwalimu anayeangalia staji siku ile ile, naye ataongea nao.

Zoezi

Mutumishi analipwa 2.500 franga kwa saa. Kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya posho alifanya masaa 53. Kisha siku ya Mungu aliitwa kuhesabu vitu vya depo, masaa 5, na akakosa kuimba na kwaya yake. Apashwe kulipwa feza ngapi kwa juma lile? (Kwaya haihesabiwe.) Muonyeshe kila hatua, si jumla peke yake.

Majibu yapelekwe kwa Doyen ao yatiwe katika sanduku la gazeti karibu na mulango wa Bwana Prefe, mbele ya siku ya tano. Hesabu yenye hatua zote itabandikwa kwa ubao wa Komersiale.